Kurunzi Iliyowaka Ilipoachiliwa



Juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo sana, kisichozidi ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Karibu kila nyumba ya kwetu inacho, na karibu hakuna anayekifikiri. Ni swichi ya kurunzi, au tochi kama wengi waitavyo; yaani ile swichi iliyo nyuma kabisa, kitakoni. Msicheke. Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Nitawaeleza habari, kisha ninyi wenyewe mtahukumu.

Kwetu Baraka watu wengi huishi kwa ziwa. Mji wetu uko kando ya Ghuba ya Burton, na ng'ambo ya ghuba twaiona rasi ya Ubwari. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi hutoka kutafuta ndakala. Zamani waliwasha mienge ya moto, baadaye zikaja taa za karabai, na siku hizi wengi wana taa za LED zenye betri. Njia ni ile ile: nuru huwavuta samaki juu, na wavu huwapokea. Lakini ziwa si la wavuvi peke yao. Maboti makubwa ya mbao yenye injini hupita usiku yakichukua watu na mizigo kwenda Uvira, Kalemie, hata Kigoma. Mtumbwi usio na taa mbele ya boti la namna hiyo ni kama kuku aliyelala barabarani.

Basi, jirani yangu mmoja, mtu mzima mwenye watoto sita, alikuwa akirudi nyumbani kabla ya alfajiri pamoja na mwanawe. Betri za taa za kuvulia zilikuwa zimekwisha. Walikuwa na kurunzi moja tu, mpya, ya chuma cheusi, ya namna ile iuzwayo kwa sifa kwamba ni kurunzi ya askari. Alikuwa ameinunua siku mbili kabla. Wakasikia ngurumo ya injini, na mara wakaona kivuli cha boti likiwajia moja kwa moja. Mzee akaishika kurunzi, akaielekeza mbele, akabana swichi kwa nguvu zake zote. Giza. Akabana tena na kushikilia, mkono ukitetemeka. Giza. Kadiri alivyozidi kubana ndivyo alivyozidi kukosa mwanga. Mwishowe akakata tamaa, akaiacha ianguke ndani ya mtumbwi. Na hapo hapo, ikiwa imelala kati ya samaki, kurunzi ikawaka!

Msukani wa boti aliuona ule mwanga, akageuza usukani. Boti likapita ubavuni, likavunja ukingo wa mtumbwi na kuchana wavu. Baba na mwana walisalimika. Lakini wavu ulikuwa wa mkopo, na deni lingalipo hata leo.

Kesho yake alikuja kwangu na kurunzi yake mkononi. "Mwalimu," akasema, "kitu hiki kimelogwa. Nilipokiomba mwanga kilinikatalia, nilipokitupa kikanipa."

"Nipe nikitazame, Baba," nikamjibu. Nikabonyeza, ikawaka. Nikabonyeza tena, ikazima. Mara kumi nilifanya hivyo, na mara kumi ilitii. Nikaona haya, maana sikuwa na la kumwambia. Tukaenda pamoja sokoni kwa kijana mmoja atengenezaye redio na simu. Yeye aliishika, akaibana polepole, akasikiliza, akacheka kidogo. "Mwalimu, kurunzi hii si mbovu. Ilitenda sawasawa na ilivyoundwa. Ni swichi ya kuachilia. Mzee alitaka swichi ya kubana."

Maneno hayo yalinifungua macho, na ndiyo nitakayo kuwafungulia ninyi leo.

Tuanze na njia ya umeme. Ndani ya kurunzi umeme huzunguka kama maji katika mfereji usio na mwisho. Hutoka katika betri (wengine kwetu huita mawe), hupita katika balbu, kisha hurudi kwa njia ya chuma cha mwili wa kurunzi hadi kitakoni, na hapo hupita katika swichi na springi hata kuifikia betri tena. Mfereji ukikatika mahali popote, mwanga huzimika pote. Swichi ni kilango kilichowekwa katika mfereji huo: hufungua na kufunga tu. Ndiyo maana mtu aweza kuibadili swichi ya kitakoni pasipo kugusa balbu hata kidogo.

Na kilango hicho kina namna tatu kubwa.

Ya kwanza ni swichi isiyoshika. Kidole kikiwa juu yake, mwanga uko. Kidole kikiondoka, mwanga hauko. Hii ndiyo tabia ya kurunzi za kwanza kabisa. Mwingereza mmoja aliyekaa New York, jina lake David Misell, alipata hati ya uvumbuzi wa taa ya mkononi tarehe 10 Januari 1899. Betri za siku zile zilichoka upesi, hazikuweza kulisha balbu kwa muda mrefu, kwa hiyo mtu aliwasha kwa kitambo kidogo, akazima, akaipumzisha. Hata jina la Kiingereza la chombo hiki lina maana ya taa ya kumetameta.

Ya pili ni swichi ya kubana. Ukianza tu kuibonyeza, kabla haijalia "ta!", mwanga huja. Ukiachilia hapo, huzimika. Ukiendelea kubonyeza hata ilie, hushika, na mwanga hubaki ingawa umeondoa kidole. Huyu ni mtumishi wa mabwana wawili: hukupa ishara ya haraka, na hukupa mwanga wa kudumu.

Ya tatu ni swichi ya kuachilia. Unabonyeza, inalia, na bado ni giza. Mwanga huja pale tu uondoapo kidole. Mtu abonyezaye upesi na kuachia upesi, kama tufanyavyo sote nyumbani, hawezi kuitambua tofauti. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu haachilii. Hofu hukaza mkono. Ndivyo ilivyompata jirani yangu: alikuwa akiulinda mlango wa nuru kwa kidole chake mwenyewe, asiujue.

Labda utauliza, kwa nini basi watu huunda swichi ya namna hii? Sababu ipo. Kurunzi nyingi za siku hizi zina mwanga wa namna kadhaa: mkubwa, mdogo, na wa kumetameta. Swichi ya kuachilia, ikiguswa nusu wakati kurunzi inawaka, hukata umeme kitambo kidogo na kuurudisha, na kwa njia hiyo mwanga hubadilika. Pia mara nyingi swichi hizo ni rahisi kupatikana. Si uovu, ni uchaguzi wa mwundaji. Lakini mwundaji hakuwa ziwani usiku ule.

Hivyo somo la kwanza ni hili: chagua swichi kwa kazi ya mkono utakaoitumia. Kwa mvuvi na kwa msafiri, ya kubana ndiyo bora, kwa sababu hutii papo hapo, hata kwa mkono uliolowa na wenye hofu. Kwa mama mzalishaji ni vingine. Yeye atafuta kurunzi itakayoshika na kutozimika, kwa maana mikono yake yote miwili ina kazi. Kwake heri swichi iliyozama ndani ya kitako, isiyojitokeza nje, ili kurunzi iweze kusimama wima mezani kama mshumaa na kuangaza dari. Ikiwa dari ni nyeupe, chumba chote kitapata mwanga laini, na hapana haja ya kuishika kurunzi kwa meno, kama nilivyoona ikifanyika mara nyingi. Na kwa mlinzi wa shamba achunguzaye kelele moja na kurudi kulala, hata swichi isiyoshika yatosha, tena huokoa betri.

Nanyi mwenye kurunzi za namna ya askari, neno moja la tahadhari. Mwanga wa kumetameta kwa nguvu uliundwa ili kumtatiza adui. Katika nchi yetu ya Fizi, tangu mlimani hadi pwani ya ziwa, watu wameona vita vingi. Ukimmulika machoni kwa ghafula mtu mwenye bunduki, hutajua atafikiri nini. Njiani usiku, mulika chini mbele ya miguu yako.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kurunzi ikikataa kuwaka, usiitupe upesi. Mara nyingi balbu ni nzima na ugonjwa uko kitakoni. Mbinu ya kujua ni hii. Fungua kifuniko cha nyuma. Acha betri ndani. Chukua kipande kifupi cha waya wa shaba. Ncha moja igusishe kitako cha betri, ncha ya pili igusishe ukingo wa chuma mtupu wa mwili wa kurunzi, kwa kitambo kidogo tu. Ikiwaka, balbu na betri hazina hatia. Mshtakiwa ni swichi, au springi, au uchafu. Isipowaka, ugonjwa uko mbele, au betri imekufa.

Kabla ya kubadili chochote, safisha. Ukingo wa chuma na meno ya kukazia kifuniko hushika vumbi, mafuta na unyevu wa ziwa, na umeme hushindwa kupita. Futa kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo. Nimeona kurunzi tatu zilizohukumiwa kufa zikifufuka kwa kitambaa tu.

Kama swichi yenyewe imekufa, tazama ndani ya kifuniko. Mara nyingi utaona pete yenye matundu mawili madogo. Fundi wa sokoni ana koleo yake. Mimi nilitumia bikari ya mwanafunzi, miguu miwili ndani ya matundu mawili, nikazungusha polepole. Pete ikitoka, hutoka na springi, na swichi, na kofia ya mpira ambayo kidole hubonyeza. Kurunzi nyingine hazina pete. Swichi imesukumwa ndani kwa nguvu, na hiyo mwachie fundi.

Swichi mpya yaweza kutoka katika kurunzi nyingine iliyovunjika kichwa. Lakini pima mambo matatu. Kwanza, upana wake uingie bila kulegea. Pili, kimo chake: ikiwa ndefu mno, kofia ya mpira itaibonyeza daima; ikiwa fupi mno, kidole hakitaifikia. Tatu, nguvu yake. Hapa watu wengi hukosea. Swichi dhaifu katika kurunzi yenye nguvu ni kama mlango mwembamba sokoni siku ya mnada. Tuseme kurunzi yatumia ampea 3, na swichi ina ukinzani wa omu 0.1 tu. Zidisha: volti 0.3 zapotea pale mlangoni. Betri yenyewe ni ya volti 3.7, kwa hiyo karibu sehemu moja kati ya kumi na mbili haifiki kwenye balbu, bali hugeuka kuwa joto chini ya kidole chako. Ukiona kitako chapata moto kuliko kichwa, jua kwamba mlango ni mwembamba.

Springi nayo yaweza kuwa mlango mwembamba, maana mara nyingi ni ya chuma cha pua, na chuma hicho hakipitishi umeme vizuri kama shaba. Mafundi hodari hulehemu uzi mwembamba wa shaba kutoka juu hadi chini ya springi, ili umeme upite kwa shaba na springi ibaki na kazi ya kusukuma tu. Ni kazi ya dakika tano. Lakini kamwe, nasema kamwe, usilehemu juu ya betri yenyewe.

Ikiwa swichi ya kurunzi yako iko ubavuni, na kuibonyeza ni kwepesi kama kitufe cha simu, habari ni nyingine. Kwa kawaida swichi hiyo haikati umeme yenyewe. Hupeleka ishara tu kwa kibao kidogo kilicho kichwani, nacho ndicho kiwashacho. Huwezi kuweka ya kubana mahali pake. Tena kibao hicho hunywa umeme kidogo kidogo hata mwanga ukiwa umezimwa, na baada ya miezi betri hukutwa tupu. Dawa yake ni kulegeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko, ili mfereji ukatike. Kama meno ya kifuniko yamepakwa rangi ngumu isiyopitisha umeme, hiyo yatosha; kama ni chuma kitupu, legeza zaidi, au toa betri. Desturi hiyo yafaa pia kwa kila kurunzi iwekwayo mfukoni au ndani ya mfuko wa nguo, kwa sababu nyingine zimejiwasha zenyewe na kuunguza kitambaa.

Na betri! Wazazi, sikilizeni. Betri nyingi za kurunzi hizi si yale mawe ya zamani. Ni za lithiamu, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na zikijaa hufika volti 4.2. Zina nguvu nyingi katika mwili mdogo. Zikigusishwa ncha kwa ncha kwa waya, au zikikaa mfukoni pamoja na funguo na sarafu, zaweza kuwaka moto, na moshi wake una sumu. Betri iliyochanika ngozi yake ya nje isitumike. Mbili zisizo sawa, moja mpya na moja kuukuu, zisiwekwe pamoja katika kurunzi moja. Iliyovimba isichajiwe tena. Wala isitupwe jikoni, wala isipewe mtoto kuwa kitu cha kuchezea.

Nimalize kwa wazo moja ambalo halikunitoka tangu siku ile. Katika betri nyingi za lithiamu mna kobalti, na nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo duniani. Katika risasi ya kulehemia mna bati, na milima ya Kivu ina kasiterite, jiwe litoalo bati. Vitu hivyo huondoka kwetu vikiwa mawe, huvuka bahari, hurudi vikiwa kurunzi, na sisi huvinunua pasipo kujua vifanyavyo kazi. Kisha vikituangusha twasema vimelogwa. Hapana. Havikulogwa. Viliundwa na mtu mwenye akili kama yako, kwa mkono mwingine na kwa kazi nyingine. Mwenye kuvifungua, akavielewa, akavigeuza vimfae, ndiye aliyevinunua kweli.

Yule kijana wa sokoni alitafuta katika sanduku lake, akatoa swichi ya kubana kutoka kurunzi moja iliyopasuka kioo. Ilikuwa fupi kidogo, akaiwekea kisahani cha mpira alichokikata katika ndara kuukuu. Nusu saa ikapita. Jirani yangu akaishika kurunzi yake, akabana na kushikilia, ikawaka; akaachilia, ikazima. Akafanya hivyo mara nyingi, kama mtoto. Kisha akampa mwanawe, akamwambia, "Bana wewe. Fumba macho, tetemesha mkono, bana." Mtoto akabana. Mwanga ukaja.

Basi usiku wa leo, kabla ya kulala, chukua kurunzi ya nyumba yako. Ibane polepole hata ilie, na ushikilie, wala usiachilie. Tazama kama pana mwanga. Kama hapana, sasa wajua neno la kufanya, na umelijua ukiwa nyumbani kwako, si ziwani.